Binti Anapohamia Maseno

Chuo Kikuu cha Maseno kimo penye mstari wa Ikweta, kando ya barabara itokayo Kisumu kwenda Busia. Binti wa Mombasa anapokwenda kuanza juma la kwanza bwenini, mama humfungashia blanketi na chandarua. Vema, kwani usiku wa huko una baridi, na malaria ya ukanda wa Ziwa yaishinda ya Pwani.

Linalosahauliwa ni jua. Maseno huzama takriban dakika 20 baada ya Mombasa. Mwenye saumu ya sunna akifuturu kwa adhana ya redio ya nyumbani, saumu imebatilika. Alfajiri ya Mombasa nayo hutangulia. Basi, kabla hajatandika kitanda, aibadilishe ratiba ya sala simuni. Kibla ni kaskazini kama kwetu, ila chaelekea mashariki kidogo.