UZI: "Ingia incognito, hakuna atakayekuona." Ni kweli?

1/ Siasa zikipamba moto, mabishano ya faragha mtandaoni hurudi. Mmoja anasema: "Serikali inasoma kila kitu unachotafuta kwa simu." Mwingine anajibu: "Fungua incognito, mambo yaishe." Wote wawili wanapotosha, na anayewaamini ndiye huumia. Twende pole pole. 👇

2/ Kabla ya kuuliza "niko salama?", jiuliza: sitaki NANI aone? Ukifungua tovuti kwa kivinjari (brauza), kuna macho manne:
👁 anayeshika simu au kompyuta hiyo
👁 mwenye WiFi au kampuni inayokuuzia bando
👁 tovuti yenyewe
👁 kampuni za matangazo zilizojibanza ndani ya tovuti
Kila kinga huziba jicho moja au mawili. Hakuna inayoziba yote.

3/ Incognito, au hali fiche, inaziba jicho la kwanza tu. Ukifunga madirisha yake yote, historia ya kurasa ulizofungua haibaki kwenye kifaa, na vidakuzi vinafutwa. Faili ulizopakua zinabaki. Kampuni ya mtandao, mwajiri wako na tovuti bado wanaweza kukuona. Chrome wenyewe wameandika hivyo pale dirisha linapofunguka, ni vile hatusomi.

4/ Huko Marekani, watumiaji waliishtaki Google mwaka 2020 wakidai inakusanya data zao hata wakiwa hali fiche. Mwaka 2024, katika makubaliano ya kumaliza kesi, Google ilikubali kufuta mabilioni ya rekodi. Kwa hivyo mtu akikwambia incognito ni ngao, mwonyeshe hiyo.

5/ Kampuni ya bando inaona nini? Ikiwa anwani inaanza na https, yaliyomo yanageuzwa fumbo yakiwa njiani. Inaweza kujua umeenda wikipedia.org, saa ngapi, na umetumia data kiasi gani. Haioni umesoma makala gani wala umeandika nini. Basi "wanasoma kila kitu" imetiwa chumvi. Lakini usijidanganye pia: laini yako imesajiliwa kwa kitambulisho, na orodha ya tovuti peke yake inaweza kusema mengi kukuhusu.

6/ Na serikali je? Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinakupa haki ya faragha, ikiwemo mawasiliano yako yasiingiliwe. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inamtaka polisi aombe amri ya mahakama kabla ya kunasa mawasiliano ya mtu chini yake. Kwa hivyo mwanasiasa akisema "tunawafuatilia kwa usalama wenu", muulize: kwa amri ya korti gani? Na anayesema "sote tunasikilizwa", muulize: ushahidi uko wapi? Maswali yote mawili ni halali.

7/ "Basi niweke VPN?" VPN inaficha safari yako kwa mwenye WiFi na kampuni ya bando. Ila sasa mwenye VPN ndiye anakaa pale walipokuwa. Umehamisha imani tu. Kama ni ya bure na hujui inalipwa na nani, huenda bidhaa ni wewe. Na ukiingia kwenye akaunti yako yenye jina lako, tovuti inakujua hata ukipitia VPN kumi.

8/ Sasa hatari ambayo haizungumzwi sana kwenye mijadala: linki. Msimu wa siasa huleta "jisajili upate basari", "saini kupinga mswada", "angalia kama jina lako liko". Unaandika jina, nambari ya kitambulisho na simu, kisha unasambaza kwa grupu la familia. Hapo hakuna aliyekudukua. Umepeana mwenyewe.

9/ Alama ya kufuli haikuokoi. Inamaanisha njia imefungwa, haimaanishi mwenye tovuti ni mwaminifu. Tapeli pia hupata https, bila malipo. Chrome iliiondoa alama hiyo kwenye kompyuta mwaka 2023 kwa sababu watu walidhani kufuli ni cheti cha uaminifu.

10/ Jifunze kusoma anwani. Tafuta mkwaju (/) wa kwanza baada ya https://, halafu soma ukirudi nyuma. Tovuti ya serikali ya Kenya inaishia .go.ke hapo. Ukiona "usajili.go.ke.mfano.com/fomu", mwenye nyumba ni mfano.com. Hiyo go.ke ni pambo la mlangoni tu.

11/ Kwa nini nambari ya kitambulisho ni jambo zito? Kumbukeni Juni 2021. Wakenya wengi walikagua kwenye eCitizen wakajikuta wamesajiliwa kuwa wanachama wa vyama ambavyo hawakujiunga navyo. Malalamishi yakafika ofisi ya Kamishna wa Data. Jina na nambari yako vikishatoka, huwezi kuvirudisha.

12/ Unachoweza kufanya leo, bila kulipa chochote:
✅ Sasisha kivinjari. Mianya mingi huzibwa hapo
✅ Kagua viendelezi. Kinachoomba "kusoma na kubadilisha data kwenye tovuti zote" na hukihitaji, ondoa
✅ Zuia vidakuzi vya kampuni za nje kwenye mipangilio
✅ Nywila tofauti kwa kila akaunti, na uthibitishaji wa hatua mbili kwa barua pepe
✅ Ukienda saiba: tumia hali fiche, usihifadhi nywila, ondoka kwenye akaunti, futa ulichopakua. Hapa ndipo incognito ina kazi

13/ Jukumu lisiachiwe mwananchi peke yake lakini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayekusanya taarifa zako akueleze anazikusanya kwa nini. Una haki ya kuomba kuziona, kusahihisha, hata kufutiwa za uongo. Zikivuja na kuna hatari ya kweli kwako, anapaswa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Ukidharauliwa, unaweza kulalamika kwa ofisi hiyo.

14/ Kwa hivyo kwenye mdahalo ujao, usikubali "faragha ni ya wenye kuficha maovu". Kura yako ni ya siri, na hakuna anayekuita mhalifu kwa kuificha. Muulize kila mgombea: fomu zako za mtandaoni zinakusanya nini, zinakaa wapi, nani anazisoma, na baada ya uchaguzi zinaenda wapi?

15/ Asiyeweza kujibu hayo manne, usimpe nambari yako ya kitambulisho. Hata kama ni wa upande wako.

Mtumie uzi huu yule jamaa wa kusambaza linki kwa grupu. Maswali? Uliza hapo chini. 🙏🏾