KABICHI IKIJAA SHAMBANI: ICHACHUSHENI, KISHA MUIPIKE



Kila mwaka mambo ni yale yale. Mvua ikinyesha vizuri, kabichi ya kila mtu hukomaa wakati mmoja. Kule Kinangop na sehemu zingine za baridi, broka hutaja bei anayotaka yeye, na kabichi inayobaki huliwa na ng'ombe au huozea shambani. Miezi michache baadaye jua linawaka, mboga ni ghali, na watoto wanapewa ugali mtupu.

Je, kuna njia ya kuweka mboga bila friji na bila stima? Iko. Ni kuichachusha.

Inafanyaje kazi?

Sisi sote twajua maziwa lala na uji uliochacha. Vijidudu visivyoonekana kwa macho hula sukari iliyo ndani ya chakula na kutoa asidi. Asidi hiyo ndiyo huleta ule ukali mdomoni, na ndiyo huzuia chakula kuoza. Vijidudu hivyo viko tayari kwenye majani ya kabichi, kwa hivyo hakuna dawa ya kununua. Kazi yetu ni kuvisaidia vivishinde vile vya kuozesha. Twavisaidia kwa chumvi na kwa kuzuia hewa. Chumvi huvuta maji kutoka kwa kabichi, na maji hayo huifunika.

Namna ya kufanya

1. Oneni mikono. Safisheni ndoo ya plastiki ya chakula au chungu. Msitumie sufuria ya alumini, kwa maana asidi huila, wala mtungi uliowahi kuwekwa dawa ya shamba.
2. Ondoeni majani ya nje, osheni kabichi, mkatekate nyembamba.
3. Pimeni. Kilo 1 ya kabichi yataka gramu 25 za chumvi, yaani vijiko 4 vya chai visivyojaa kupita ukingo. Kikundi kikiwa na kilo 20, pakiti moja ya nusu kilo yatosha.
4. Changanyeni, mkikanda kwa mikono mpaka maji yatoke.
5. Shindilieni ndani ya ndoo mpaka maji yapande juu ya mboga. Wekeni sahani safi juu, na juu yake jiwe lililochemshwa.
6. Funikeni kwa kitambaa safi. Msikaze kifuniko, kwa sababu hewa hutoka ndani.
7. Wekeni kivulini. Mahali pa baridi ngojeni wiki 3 au 4. Penye joto, angalieni baada ya wiki moja. Iliyo tayari ina harufu kali safi, kama ya siki.

Mambo ya kuangalia

Msipunguze chumvi eti mnaokoa pesa. Ikiwa kidogo sana, mboga itaoza. Kila siku hakikisheni maji yamefunika mboga. Utando mweupe mwembamba juu ya maji uondolewe kwa kijiko. Lakini mkiona ukungu mweusi, wa kijani au mwekundu, au mboga inanuka uozo, mwageni yote. Msiionje. Kupika hakuwezi kuirudisha kuwa nzuri.

Kupika

Suuzeni kabichi kwa maji safi na kuikamua ili chumvi ipungue. Kaangeni kitunguu, tieni kabichi, mpike kwa muda mfupi. Msiongeze chumvi. Yafaa kwa ugali, na hata kuchanganywa na maharagwe. Mwenye presha ale kidogo tu. Iliyobaki ndoo ikae ndani ya maji yake mahali pa baridi. Hapo yaweza kukaa miezi kadhaa. Penye joto, ipikeni mapema.

Na kunde je?

Yawezekana. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliandika juu ya majani ya kunde yaliyochachushwa, kisha yakakaushwa kwa jua. Lakini majani ya kijani yana sukari kidogo kuliko kabichi, na asidi huchelewa kutokea. Kwa hivyo anzeni na kabichi, tena kilo 2 au 3 tu, mpaka mikono izoee.

Ya kujadili kikundini

- Msimu uliopita tulipoteza kabichi ngapi?
- Ni nani ana ndoo safi na mizani?
- Tutaanza siku gani, na nani ataangalia ndoo kila siku?