Umeme mdogo kifundoni unavyotuliza kibofu kisichosubiri

Wapo watu wanaojua kila choo kilichopo kati ya nyumbani na kazini. Hawapandi basi la safari ndefu. Wakialikwa harusini hukaa karibu na mlango, na siku wanayotoka hawanywi maji tangu asubuhi. Wengi wao wameambiwa ni uzee, au ni matokeo ya kuzaa watoto wengi, wakayakubali maelezo hayo na kunyamaza.

Ukimya huo unawanyima matibabu yaliyopo. Kushindwa kuzuia mkojo ni ugonjwa kama mwingine, na mojawapo ya tiba zake huanzia mahali ambapo wachache wangepafikiria: mguuni, juu kidogo ya kifundo.

Kibofu hupiga hodi

Kibofu cha mtu mzima hubeba takriban mililita 400 hadi 500 za mkojo, lakini huanza kutoa taarifa kabla hakijafika nusu. Taarifa hizo hupita kwenye neva zinazoungana na uti wa mgongo katika eneo la sakramu, chini ya kiuno, kisha hupanda hadi kwenye ubongo. Kwa mtu mwenye afya, kibofu hupiga hodi na ubongo hujibu: subiri. Misuli ya ukuta wa kibofu huendelea kulegea, ile ya njia ya mkojo hubaki imebana, na mtu huendelea na shughuli zake.

Kwa mgonjwa wa kibofu chenye utendaji uliopitiliza, jibu hilo halisikilizwi. Misuli ya kibofu hukaza hata kama mkojo ni kidogo. Haja humjia ghafla na haiahirishiki. Huenda chooni mara nane au zaidi kwa siku, huamka usiku, na wakati mwingine mkojo humtoka kabla hajafika chooni. Kiharusi na ugonjwa wa Parkinson vinaweza kuleta hali hii kwa kuharibu mawasiliano ya neva. Kwa wagonjwa wengi, hata hivyo, hakuna chanzo kinachoonekana.

Si kila mkojo unaovuja ni ugonjwa huu

Kabla ya kuzungumzia tiba ni lazima ujue unavuja kwa namna gani. Mwanamke anayevuja akikohoa, akicheka au akiinua ndoo ya maji, mara nyingi ana udhaifu wa misuli ya sakafu ya nyonga. Yeye husaidiwa kwa mazoezi ya misuli hiyo, na baadhi kwa upasuaji. Mwanamke ambaye mkojo humtiririka mchana na usiku baada ya uzazi pingamizi huenda ana fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Umeme hauzibi tundu. Fistula hutibiwa kwa upasuaji, na hospitali kama CCBRT ya Dar es Salaam zimekuwa zikiufanya kwa miaka mingi.

Maambukizi ya njia ya mkojo, kisukari na kuvimba kwa tezi dume pia huweza kumpeleka mtu chooni kila mara. Ndiyo maana kipimo cha mkojo na cha sukari hutangulia.

Kwa nini mguu?

Neva ya tibia hupita upande wa ndani wa mguu, nyuma ya kifundo. Ukiifuatilia kwenda juu, utakuta baadhi ya mizizi yake inaingia kwenye uti wa mgongo katika eneo lilelile la sakramu linalopokea neva za kibofu. Umeme mdogo ukipita kwenye neva hiyo, ishara zake hufika kwenye kituo hicho cha pamoja na kupunguza nguvu ya ishara zinazokichochea kibofu kukaza kabla ya wakati.

Mwaka 1983 Edward McGuire na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya kutumia umeme wa aina hii kupitia ngozi. Baadaye Marshall Stoller, wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, aliendeleza njia ya kutumia sindano. Sehemu inayochomwa iko karibu na ile ambayo waganga wa Kichina wamekuwa wakiichoma sindano tangu kale.

Mgonjwa hukaa kitini, mguu ukiwa umeinuliwa. Sindano nyembamba sana huingizwa kiasi cha vidole vitatu juu ya kifundo, na kibandiko huwekwa kwenye unyayo. Umeme huongezwa taratibu mpaka kidole gumba cha mguu kijikunje au mgonjwa ahisi mchonyoto kwenye unyayo. Kila kikao huchukua dakika 30, mara moja kwa wiki, kwa wiki 12. Wanaopata nafuu huendelea na kikao kimoja kila baada ya wiki kadhaa, kwa sababu tiba ikiachwa dalili huweza kurudi.

Je, inafanya kazi? Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 nchini Marekani ulihusisha watu wazima 220. Nusu yao walipewa tiba halisi, na wengine tiba ya kuigiza bila wao kujua. Waliosema wamepata nafuu ya kutosha walikuwa asilimia 54.5 katika kundi la kwanza na asilimia 20.9 katika la pili. Tofauti hiyo ni kubwa. Hata hivyo, karibu nusu ya waliotibiwa hawakupata nafuu ya kiwango hicho, na mgonjwa anastahili kuambiwa hivyo tangu mwanzo.

Kifaa cha mgongoni, na kibandiko cha mguuni

Njia nyingine, iliyoasisiwa na Emil Tanagho na Richard Schmidt katika chuo hichohicho, huelekeza umeme kwenye neva za sakramu zenyewe. Marekani iliiidhinisha mwaka 1997. Waya mwembamba hupitishwa kwenye tundu la mfupa wa sakramu, na mgonjwa huijaribu kwa siku au wiki chache. Dalili zikipungua kwa nusu au zaidi, kifaa chenye betri hupandikizwa chini ya ngozi ya tako. Ni tiba yenye nguvu, lakini ni ya gharama kubwa. Waya unaweza kuhama, kidonda kinaweza kupata maambukizi, na betri zina mwisho wake.

Kwa nchi zetu, njia inayostahili kupewa kipaumbele ni nyepesi zaidi: vibandiko viwili mguuni na mashine ya TENS, ileile ambayo wataalamu wa fiziotherapia huitumia kupunguza maumivu. Hakuna sindano wala upasuaji, na mgonjwa aliyefundishwa anaweza kuitumia nyumbani. Tafiti zilizoilinganisha na sindano ni ndogo, ila matokeo yake yanakaribiana. Hospitali zetu zingefanya jambo la maana kuwafunza wataalamu wa fiziotherapia tiba hii. Isitumiwe na mjamzito wala mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, na mwenye ganzi ya miguu kutokana na kisukari amwone daktari kwanza.

Pa kuanzia

Umeme hautangulii. Punguza chai, kahawa na soda, lakini usiache maji, maana mkojo mzito hukera kibofu. Fanya mazoezi ya sakafu ya nyonga, na jifunze kuchelewesha haja kwa dakika chache, ukiongeza kidogo kidogo. Zipo pia dawa za kulegeza kibofu, ingawa baadhi hukausha mdomo, huleta choo kigumu na huweza kuwachanganya wazee akili.

Kwa siku tatu, andika saa uliyokwenda haja ndogo, kiasi cha mkojo na kila mara ulipovuja. Nenda na daftari hilo kliniki. Ukiambiwa ni umri tu, omba rufaa kwa daktari bingwa wa mfumo wa mkojo, kwani kibofu cha mzee nacho hutibika.