Bia ya watawa iliyosaidia kujenga monasteri nchini Uganda

Magari yanayotoka Kampala kuelekea Masaka hupita Nateete, kitongoji chenye shughuli nyingi magharibi mwa jiji. Si abiria wengi wanaofahamu kwamba safari hiyo hiyo huelekea kwenye monasteri ambayo ujenzi wake ulichangiwa na mauzo ya bia.

Monasteri hiyo ya Mama Yetu wa Victoria iko Kijonjo, katika Jimbo Katoliki la Masaka. Watawa wake ni Watrapisti. Makao yao ya awali yalikuwa Lumbwa, magharibi mwa Kenya, yaliyoanzishwa mwaka 1956 na abasia ya Koningshoeven, iliyo karibu na mji wa Tilburg, Uholanzi. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 ziliwalazimu kuyahama, na mwaka 2008 wakaanza upya Uganda.

Koningshoeven hupika bia tangu mwaka 1884, na leo inafahamika kwa jina la La Trappe. Mwaka 2009, katika kuadhimisha miaka 125 ya kiwanda, ilitolewa bia iitwayo Isid'or, kwa heshima ya Bruda Isidorus, mpishi wa kwanza wa bia katika abasia hiyo. Sehemu ya mapato yake ilielekezwa kwenye ujenzi wa Uganda.

Ili bia iruhusiwe kubeba alama ya Watrapisti, ni sharti ipikwe ndani ya eneo la monasteri, chini ya usimamizi wa watawa, na faida itumike kwa mahitaji yao na kwa kuwasaidia wengine.

Isid'or ina kileo cha asilimia 7.5, kiasi kinachotaka subira. Haichujwi, na chachu yake huendelea kufanya kazi ndani ya chupa. Isinywewe ikiwa baridi mno, kwani baridi kali huficha ladha. Chupa husimamishwa wima ili mashapo yatulie, kisha bia humiminwa taratibu kwenye glasi yenye mdomo mpana. Rangi yake ni ya kaharabu, yenye ukungu kidogo. Fundo la kwanza huleta utamu unaokumbusha sukari iliyoungua. Uchungu mwepesi wa hopsi hufuata, na mwisho hubaki ladha ya matunda.

Kwa aliyekulia Buganda, ukungu huo si mgeni. Tonto, pombe ya ndizi, hutengenezwa kwa kukanyaga ndizi mbivu pamoja na nyasi. Maji yake huchanganywa na mtama uliokaangwa, yakaachwa yachache katika chombo cha mbao kinachofanana na mtumbwi. Tonto ina ukali wa uchachu na harufu ya mtama, na hainywewi ila ikiwa mpya, maana baada ya siku chache huharibika. Isid'or husubiri kabatini kwa miezi. Hata hivyo, kuiita moja sanaa na nyingine pombe ya kienyeji tu ni kutoitendea haki tonto: zote mbili huonjwa kwa namna ileile, kwa pua kwanza, kisha kwa fundo dogo.