Likizo ya Mfanyakazi na Kisiwa cha Mafia

Kila mwaka hufika siku ambayo mfanyakazi hukabidhiwa karatasi yake ya likizo. Wengi wa ndugu zetu huipokea karatasi hiyo kama mtu aliyegongewa hodi na mgeni usiku wa manane, naye hana hata unga wa uji. Juma la kwanza hulala. Juma la pili huwakimbia wanaomdai. Juma la tatu hutafuta kibarua cha kulipa alivyokopa katika majuma mawili yaliyopita. Juma la nne hurudi kazini amechoka kuliko siku aliyoondoka, naye husema kwa kujigamba kwamba amemaliza likizo. Kwa maoni yetu, huyo hakumaliza likizo, bali likizo ndiyo iliyommaliza yeye.

Yafaa tukumbushane kwamba mapumziko si hisani ya mwajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka kila mwajiri ampe mfanyakazi siku zisizopungua 28 za likizo kwa mwaka, pamoja na sikukuu zinazoangukia ndani yake. Haki ya namna hiyo haikudondoka kama embe bivu. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam waliogoma mwaka 1947, na wale waliounda Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi la Tanganyika mwaka 1955, walidai ujira wa haki na masharti ya kazi yanayomstahili binadamu. Mtu anayeichezea likizo yake anachezea jasho la waliomtangulia.

Leo tunapenda kuzungumza na wasomaji wetu juu ya namna moja ya kuitumia likizo hiyo, nayo ni kuvuka bahari kwenda kisiwani, kuogelea, kuzamia, kutembea kwa miguu na kuona maajabu ambayo wageni hutoka mbali kuja kuyaona. Mfano wetu ni Kisiwa cha Mafia, mkoani Pwani, kinachoelekeana na midomo ya Mto Rufiji.

Tunajua watakaotuuliza: Je, si anasa hiyo? Mfanyakazi wa kujitegemea ana haja gani ya kulipa fedha ili akatazame samaki, na hali samaki wamejaa Feri? Swali hili si la kudharauliwa, maana fedha ya mfanyakazi ni chache na wazazi kijijini wanangoja. Lakini likizo ya siku 28 ina nafasi ya kwenda kuwalimia wazazi, na bado zikabaki siku tano au sita za kuijua nchi. Anasa ni kutumia usichonacho ili watu wakutazame. Kuweka akiba mwaka mzima ili wewe na watoto wako mkaione mali yenu wenyewe si anasa. Ni aibu kwetu kwamba mtoto aliyezaliwa Temeke husikia habari za Mafia kwa mgeni, naye angeweza kufika huko kwa basi na chombo cha baharini.

MALI ILIYOKO HUKO

Mwaka 1995 sehemu ya kusini na mashariki ya Mafia ilifanywa Hifadhi ya Bahari, ya kwanza katika Tanzania, yenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 822. Ndani yake mna visiwa vya Chole, Juani na Jibondo, mna vijiji vya watu, mikoko, nyasi za baharini na matumbawe. Hapo zamani baruti za wavuvi haramu zilikuwa zikivunja matumbawe hayo, na tumbawe likivunjika hutaka miaka mingi kurudi. Wavuvi wa huko walikubali kuambiwa hapa vua na hapa acha. Kila anayekwenda kuogelea katika Ghuba ya Chole anafaidi kile walichojinyima wao.

Kuanzia Oktoba hadi Machi, karibu na Kilindoni, hutokea papa potwe. Huyu ndiye samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani, nao huweza kupita urefu wa mita 12. Hata hivyo hana haja na mtu, maana chakula chake ni vidudu vidogo vya majini na dagaa, anavyovichuja kwa kinywa kilicho wazi. Mtu mwenye miwani ya maji na mrija wa kupumulia huweza kuogelea pembeni yake. Sharti asimguse, asimzibie njia, akae mbali naye kiasi cha mita tatu au nne, na watu wasimzunguke kama wanaotazama ngoma. Tangu mwaka 2016 samaki huyu amewekwa katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Katika fukwe za Juani, kasa hupanda mchangani kutaga, na mayai hukaa kiasi cha miezi miwili kabla vifaranga havijatoka na kukimbilia maji. Majira mazuri ya kuviona ni kati ya Juni na Septemba. Katika Juani hiyo hiyo mna magofu ya Kua, mji wa Waswahili uliovunjwa na wavamizi wa Kisakalava kutoka Madagascar mwanzoni mwa karne ya 19. Chole ina magofu ya Wajerumani, waliotawala kutoka hapo kabla ya kuhamia Kilindoni mwaka 1913, na katika miti yake hulala popo wakubwa walao matunda. Jibondo ni kisiwa cha mafundi wa majahazi. Wasomaji wapendao historia wajue pia kwamba katika Julai 1915 Waingereza waliiangamiza manowari ya Kijerumani Königsberg ndani ya midomo ya Rufiji, na ndege zilizowaelekeza wapiga mizinga ziliruka kutoka Mafia. Wakubwa wawili walipigana, na uwanja wao ulikuwa nchi yetu.

ULIZA UPEPO KWANZA

Sasa tuje kwenye mpango wenyewe. Watu wengi huanza kwa kuuliza bei. Sisi tunasema aanzaye na aulize upepo. Pepo za pwani ni mbili zilizo kubwa. Kaskazi huvuma kiasi cha Desemba hadi Machi, na kusi hushika baada ya masika, ikawa kali katikati ya mwaka. Mtu atakaye kuzamia na kumwona potwe achague Oktoba hadi Februari. Atakaye kuona vifaranga vya kasa aende wakati wa kusi, lakini ajue kwamba nje ya ghuba bahari huchafuka, na chombo huweza kuahirishwa. Wakati wa masika aidhani mvua itamhurumia kwa kuwa amekata tiketi.

Njia ya mwenye kipato cha kawaida ni kupanda basi kutoka Mbagala kwenda Nyamisati, wilayani Kibiti, na kuvuka kwa chombo cha abiria hadi Kilindoni. Mwenye uwezo zaidi hupanda ndege ndogo kutoka Dar es Salaam. Katika hesabu yako andika nauli ya kwenda na kurudi, malazi, chakula, kiingilio cha Hifadhi, ambacho kwa mwananchi ni kidogo kuliko kwa mgeni, na ujira wa mashua. Kisha ongeza fedha ya siku mbili ambazo hukuzipanga. Hizo ni siku za upepo. Asiyeziweka ndiye atakayeonekana gatini akimgombeza nahodha.

Haya tunayasema kwa kuwa yalitupata. Mwaka mmoja tulikuwa watu sita, tukafika Nyamisati tukiwa na haraka, wala hatukuuliza habari za maji wala za upepo. Tulikuta mzee nahodha ameketi juu ya gogo akishona tanga. Alitutazama, akatwambia leo hakuna safari. Tulimsihi, tukamwongezea nauli, akakataa. Mwenzetu mmoja, ambaye hatutamtaja, alikasirika, akatoa kadi yake ya Chama, akataja na cheo chake. Mzee hakuiweka sindano chini. Alisema, "Wanangu, kadi yenu naiheshimu, na mimi ninayo. Lakini bahari haisomi kadi." Tulilala Nyamisati juu ya mikeka kwa usiku mbili. Usiku wa kwanza tulinung'unika. Usiku wa pili tulisikia jinsi upepo ule ulivyokuwa ukipiga mikoko, na hakuna aliyenung'unika tena.

Ndugu wasomaji, neno la mzee yule ni zito kuliko hotuba nyingi. Mwaka 1996 tulizika mamia ya watu wa MV Bukoba katika Ziwa Victoria. Mwaka 2011 ikazama Spice Islander katika njia ya Pemba, na mwaka 2018 ikapinduka MV Nyerere karibu na Ukara, wakafa watu zaidi ya 200. Vyombo hivyo vilikuwa vimebeba watu kupita kiasi. Kila mara tulilia, tukaunda tume, tukasahau. Chombo hakijijazi chenyewe. Hujazwa na mwenye tamaa ya nauli, na abiria asemaye, "Mmoja tu zaidi, nami ndiye huyo mmoja." Basi ukiona watu wamepita kipimo, shuka, hata kama likizo yako inakwisha kesho. Ukipanda, vaa jaketi la kuokolea maisha na umvike mwanao kabla chombo hakijang'oa nanga. Kiongozi wa Chama anayetumia cheo chake kujipenyeza katika chombo kilichojaa anatumia dhamana aliyopewa na wananchi kuwazamisha wananchi.

Anayetaka kuzamia kwa mtungi wa hewa asidanganywe kwamba ni mchezo wa kujifunza kwa kutazama. Na afundishwe na mwalimu mwenye cheti, apande juu polepole, asizuie pumzi wakati wa kupanda, na asipande ndege mpaka itimie siku moja tangu alipotoka majini. Asiyejua kuogelea asione haya kusema. Kuna magofu ya kutembelea, njia za kuendesha baiskeli, na maji mafupi ya kujifunzia.

MGENI NI NANI?

Jambo la mwisho ni adabu. Watu wa Mafia wengi ni Waislamu, na kisiwa chao si uwanja wa michezo tu, bali ni kwao. Ukishuka pwani, salimia kabla hujauliza njia. Jisitiri unapopita kijijini. Usinunue gamba la kasa wala kipande cha tumbawe, maana ukinunua kimoja umeagiza cha pili. Na yule kijana anayekupigia kasia kutwa nzima ni mfanyakazi mwenzako. Wewe unayedai ujira wa haki mjini usimpunje kisiwani, ukajisifu jioni kwamba umepata kwa bei ya kutupa.

Tunaviomba matawi ya Chama na ya vyama vya wafanyakazi yasingoje Serikali katika jambo hili. Mwezi Januari na wakae pamoja, wapange zamu za likizo ili kazi isisimame, waanzishe kibubu cha safari, na kila mmoja atie kidogo kila mshahara. Watu 10 wakisafiri pamoja hugawana bei ya mashua, na aibu ya kutojua kuogelea hupungua wanapokuwa wengi. Mwenye daftari na aandike majina leo. Halafu, kabla hawajafunga mizigo, mmoja wao apige simu Nyamisati akaulize upepo.