Sosholojia ya Mbeba Boksi



Sisi tunaosoma uhandisi tunapenda kuwatania wenzetu wa sosholojia kwamba wanasomea mambo ambayo bibi kijijini anayajua bila digrii. Utani ni utani. Lakini ukikaa Toronto miaka kadhaa, ukaona watu wenye shahada mbili wakipanga mizigo ghalani usiku kucha, unaanza kutafuta maelezo, na kwenye fizikia huyapati. Basi leo tuwasikilize hao tunaowacheka.

Tuanze na Mmarekani C. Wright Mills. Mwaka 1959 alitoa kitabu ambamo alitenganisha shida ya mtu na suala la jamii. Mfano wake ni rahisi. Katika mji wa watu 100,000, mtu mmoja akikosa kazi, mtazame yeye: ujuzi wake, tabia yake, bahati yake. Lakini katika nchi yenye wafanyakazi milioni 50, wakikosa kazi milioni 15, huwezi kwenda kwa mmoja mmoja ukamwuliza kama anaamka mapema. Hapo kasoro iko kwenye mtambo wenyewe.

Sasa chukua habari tunayoisikia kila wikiendi, kwenye pilau au ndani ya basi namba 25 linalopita Don Mills Road. Mtu katuma maombi mia moja, hajaitwa hata mara moja. Anaanza kujichambua: labda lafudhi, labda Kiingereza, labda kuna mtu nyumbani kamwendea kwa mganga. (Usicheke, wapo.) Mchumi Philip Oreopoulos wa Chuo Kikuu cha Toronto alilipima jambo hili. Aliwatumia waajiri wa eneo la Toronto maelfu ya wasifu wa watu wa kubuni. Matokeo aliyoyatoa mwaka 2009 yalikuwa hivi: wenye majina ya Kiingereza, elimu ya Kanada na uzoefu wa Kanada waliitwa kwa usaili asilimia 16, wenye majina ya Kichina, Kihindi au Kipakistani, na elimu na uzoefu wa nje, asilimia 5. Waliotoka Uingereza hawakupata tofauti yoyote. Majina ya kwetu hakuyapima, lakini sidhani kama kuna msomaji anayesubiri kuambiwa. Mhandisi yeyote atalikubali jaribio la namna hiyo: unabadilisha jina, unaacha mengine, unasoma kipimo.

Ukishaona kwamba ni mtambo, unaweza kuudai utengenezwe. Ndivyo ilivyotokea kwa kile kidudu kiitwacho "uzoefu wa Kanada". Mwaka 2013 Tume ya Haki za Binadamu ya Ontario ilitamka kwamba kumdai mtu uzoefu huo bila sababu ya msingi ni ubaguzi. Mei 2023 PEO, chombo kinachosajili wahandisi wa Ontario, kilifuta sharti la miezi 12 ya kazi ndani ya Kanada, kwa hiyo miaka uliyofanya Dar es Salaam au Mombasa inaweza kuhesabiwa. Na tangu Januari 1, 2026, mwajiri wa Ontario mwenye wafanyakazi 25 au zaidi haruhusiwi kuandika sharti hilo kwenye tangazo la kazi. Bila shaka sheria inafuta maneno ya kwenye tangazo, haifuti yaliyomo kichwani mwa anayesoma wasifu wako. Lakini yule aliyekuwa anajiona mjinga kwa miaka mitano ana haki ya kujua kwamba serikali yenyewe imekiri kuwa mlango ulikuwa na komeo.

Nadharia inayonigusa zaidi ni ya Mark Granovetter. Mwaka 1973 aliandika makala kuhusu nguvu ya mahusiano dhaifu. Aliwauliza watu waliobadilisha kazi katika mji wa Newton, Massachusetts, watu wa taaluma, ufundi na uongozi, walizipataje. Kati ya waliopata kupitia mtu, ni asilimia 16.7 tu waliokuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Asilimia 55.6 walionana naye mara mojamoja, na asilimia 27.8 kwa nadra sana. Yaani kazi haikuletwa na rafiki wa kufa na kuzikana. Ililetwa na yule mliyesoma naye zamani, mnayepungiana mikono tu.

Kwa nini? Fikiria mabomba. Wewe na marafiki zako wa damu mnachota kutoka tanki moja: anachokijua Juma, Asha anakijua, na wewe umeshakisikia. Mtu unayemjua juu juu bomba lake linatoka kwingine. Sasa tazama maisha yetu. Tunapanga nyumba pamoja, tunacheza upatu pamoja, tunafuturu au tunasali pamoja, na binamu akipata kibarua ghalani anatuita wote. Mapenzi hayo ni ya kweli. Ukifiwa, ni hao watakaochanga nauli na gharama za mwili. Lakini ndiyo sababu mwezi wa tatu utatukuta watu sita wa flati moja tunabeba boksi katika ghala moja. Mahusiano yenye nguvu yanakuzuia usianguke, ila mara nyingi hayana habari za ghorofa ya juu.

Na mtaa nao una mkono wake. Don Mills haikuota yenyewe kama Manzese. Ilichorwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa fedha za tajiri E. P. Taylor na kalamu ya kijana Macklin Hancock: mitaa minne, kila mmoja na shule yake, barabara zilizopindwa makusudi ili magari yasikatize, na njia za miguu ili watu wakutane. Kwa maneno mengine, ni nadharia ya ujirani iliyomwagwa zege. Kusini kidogo, Flemingdon Park, ni maghorofa marefu ambako wahamiaji wengi huanzia. Kutoka huku hadi kule ni vituo vichache vya basi, lakini unaweza kukaa miaka miwili usimjue hata mtu mmoja wa upande wa pili. Mahusiano dhaifu yanahitaji mahali pa kuzaliwa: maktaba, uwanja wa mpira, kikao cha chama cha wahandisi ambacho sisi hukikwepa kwa kuwa hakuna tunayemjua.

Wa mwisho ni Erving Goffman, mzaliwa wa Alberta aliyechukua shahada yake ya kwanza hapahapa Toronto mwaka 1945. Yeye alisema maisha ni kama mchezo wa kuigiza, kuna jukwaani na kuna nyuma ya pazia. Huyu angeandika kitabu kizima kuhusu simu zetu za Jumapili. Jukwaani: "Tunamshukuru Mungu, kazi inaenda vizuri," na picha karibu na gari la jirani. Nyuma ya pazia: mgongo unauma na kodi ya nyumba haijatimia. Siwalaumu, mama akisikia ukweli hatalala. Tatizo ni kwamba watazamaji wa tamthilia hii wanafanya maamuzi ya fedha. Mdogo wako anaitazama ile picha, halafu baba anauza kiwanja amlipie wakala wa viza.

Majengo mengi ya huku yana chumba cha kufulia nguo ghorofa ya chini, na kwa Waswahili hicho ndicho nyuma ya pazia penyewe. Mashine ikizunguka utasikia mshahara wa saa, jina la wakala aliyekimbia na fedha, nani kafukuzwa, nani kafaulu mtihani wa leseni. Huko hakuna anayepiga picha.