Njia ndefu ya Marekani inayotegemea maji ya ng'ombe

Katika pembe ya kusini magharibi ya jimbo la New Mexico, mahali ambapo Marekani inapakana na Mexico, kuna mnara mdogo wa mawe uliosimama peke yake jangwani. Hakuna mji karibu, hakuna duka, na barabara ya vumbi inayofika hapo inahitaji gari lenye nguvu. Hata hivyo kila mwaka, mwezi wa Aprili na Mei, watu hushushwa mahali hapo na shanta zao mgongoni, wakaanza kutembea kuelekea kaskazini. Wanakusudia kuufikia mpaka wa Canada kabla ya theluji ya vuli kufunga milima. Umbali ulio mbele yao ni takriban kilomita 5,000, karibu mara tatu ya urefu wa reli ya Tazara.

Njia wanayoifuata inaitwa Continental Divide Trail, na Bunge la Marekani liliitambua rasmi mwaka 1978. Hupita katika majimbo matano: New Mexico, Colorado, Wyoming, Idaho na Montana. Picha zake zinazojulikana zaidi ni za vilele vyenye theluji na maziwa ya buluu, na hayo yote yapo. Lakini sehemu kubwa ya njia, hasa upande wa kusini na katikati ya Wyoming, ni nchi ya ranchi. Anayetembea humo huishi kwa mambo mawili ambayo mfugaji yeyote wa Afrika Mashariki angeyatambua bila kuelezwa: maji ya kunyweshea mifugo, na ruhusa ya kupita.

Mgongo unaogawa maji

Jina la njia linatokana na safu ya milima inayoligawa bara la Amerika Kaskazini. Mvua inayonyesha mashariki ya mgongo huo hutiririka kuelekea Bahari ya Atlantiki. Inayonyesha magharibi huelekea Pasifiki. Wasomaji wanaotoka Rwanda na Burundi wanalifahamu jambo hili, kwani milima ya nchi zao nayo hugawa maji: upande mmoja huenda mto Nile, na upande wa pili huenda mto Kongo.

Huko Wyoming, kusini ya mbuga ya Yellowstone, mgawanyo huo unaonekana kwa macho. Kijito kimoja hufika mahali kikagawanyika mara mbili msituni. Kibao kilichopigiliwa kwenye mti kinamweleza msafiri kwamba maji ya mkono mmoja yana safari ya kilomita zipatazo 5,600 hadi Atlantiki, na ya mkono wa pili kilomita 2,200 hivi hadi Pasifiki. Samaki wa aina ya trauti walipitia hapo zamani, wakavuka kutoka mito ya upande wa Pasifiki hadi ile ya Yellowstone.

Kusini zaidi, katika jimbo hilo hilo, kuna ajabu ya namna nyingine. Mgongo wa milima hugawanyika ukazunguka bonde kavu lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 10,000. Mvua inayoanguka ndani ya bonde hilo haiendi bahari yoyote. Hunywewa na ardhi au hukauka juani. Kutoka mji wa Rawlins hadi ng'ambo ya bonde ni karibu kilomita 190 za upepo na vichaka vya majani ya kijivu, na farasi wa porini wakitazama kwa mbali. Maji hupatikana katika chemchemi chache na mabirika ya mifugo.

Kunywa baada ya ng'ombe

Huko ndiko mtu anapojifunza thamani ya birika. Lita moja ya maji ni kilo moja, na msafiri wa jangwani hulazimika wakati mwingine kubeba lita tano au sita juu ya hema, blanketi la kulalia na chakula cha siku kadhaa. Hawezi kubeba zaidi ya hapo na bado akatembea kilomita 30 kwa siku. Kwa hiyo mwendo wake hupangwa na visima. Hutazama ramani, huhesabu kilomita kutoka kinu cha upepo hadi kinu cha upepo, na hufika akiomba kimoyomoyo kwamba pampu inafanya kazi.

Vinu vya upepo vyenyewe vinapungua. Wafugaji wengi wameweka pampu zinazoendeshwa kwa nguvu za jua, ambazo husukuma maji hadi kwenye matangi ya chuma. Mahali pengine kuna malambo tu, yaliyochimbwa kukinga maji ya mvua, na maji yake huwa na rangi ya chai ya maziwa. Msafiri huyachuja kwanza kwa kitambaa, kisha kwa kichujio chake, na bado huyanywa yakiwa na harufu ya zizi. Ladha hiyo ni miongoni mwa mambo wanayoyasimulia zaidi wakirudi nyumbani.

Jambo ambalo wageni wengi hawalijui ni kwamba pampu ile haikuwekwa kwa ajili yao, na huenda isifanye kazi kabisa. Mfugaji akihamishia ng'ombe wake malisho mengine, huweza kuizima. Birika lililojaa wiki iliyopita leo linaweza kuwa kavu. Ndiyo sababu katika kilomita 135 za mwanzo, kutoka mpakani hadi mji wa Lordsburg, chama kinachoitunza njia hii, kilichoanzishwa mwaka 2012, huweka masanduku ya maji na kuyajaza kwa gari katika msimu wa safari. Bila masanduku hayo, wengi wasingefika Lordsburg.

Adabu ya mahali hapo nayo ina sababu zake. Sheria ya New Mexico inakataza kupiga kambi ndani ya mita 270 hivi kutoka kwenye maji ya mifugo, kwa kuwa ng'ombe na wanyama wa porini huogopa kusogea penye watu, wakashinda na kiu usiku kucha. Geti lililokutwa limefungwa lifungwe tena. Lililokutwa wazi liachwe wazi, kwani huenda liliachwa hivyo ili mifugo iyafikie maji. Mgeni mwenye nia njema aliyelifunga anaweza kusababisha hasara kubwa kuliko mwizi.

Ardhi ya nani?

Hapa panahitaji maelezo. Sehemu kubwa ya ardhi ya magharibi ya Marekani ni mali ya serikali kuu, yaani ya umma. Mfugaji anayeonekana kuimiliki mara nyingi ana kibali tu cha kulisha humo, chini ya utaratibu uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1934. Ada yake kwa miaka mingi ilikuwa dola 1.35 kwa mwezi kwa ng'ombe mmoja na ndama wake, kiasi ambacho wakosoaji husema ni sawa na bure. Wafugaji hujibu kwamba visima, mabomba na seng'enge ni gharama yao, na kwamba bila wao nchi hiyo isingekuwa na tone la maji la kumpa mgeni. Pande zote mbili zina hoja, lakini mtembeaji aliyekunywa kwenye tangi la mfugaji hawezi kuipuuza hoja ya pili.

Mbali na ardhi ya umma kuna ardhi ya watu binafsi, na sheria hairuhusu serikali kuitwaa kwa ajili ya njia hii bila ridhaa ya mwenyewe. Ni lazima akubali kuuza, au kutoa haki ya kupita. Asipokubali, njia hukatika, na msafiri hutembea pembezoni mwa barabara ya lami huku malori yakimpita. Karibu nusu karne baada ya njia kutambuliwa rasmi, bado kuna vipande vya namna hiyo vinavyofika kilomita 200 na ushei kwa jumla.

Wanaokataa si lazima wawe na roho mbaya. Wanahofia takataka, mbwa wanaotimua ndama, moto wa kambi katika majani makavu, na kesi mahakamani iwapo mgeni ataumia ndani ya boma lao. Wapo pia wafugaji walioweka bomba kando ya njia na kuandika kibao cha kuwakaribisha wapitao.

Wyoming ina tatizo la ziada, na chanzo chake ni reli. Kwa sheria ya mwaka 1862, serikali iliipa kampuni ya reli vipande vya ardhi kandokando ya njia ya treni, kila kipande kikiwa na upana wa maili moja kila upande, lakini kwa kurukaruka: kimoja cha kampuni, kinachofuata cha umma, mfano wa ubao wa mchezo wa drafti. Vipande vya kampuni vikauzwa baadaye. Leo kuna vipande vya umma vilivyozungukwa pande zote na mali za watu, ambavyo hugusana na vipande vingine vya umma kwenye ncha za pembe tu.

Je, mtu anaweza kuruka kutoka pembe hadi pembe bila kuwa mvamizi? Wawindaji wanne kutoka Missouri walijaribu katika wilaya ya Carbon, ambayo makao yake makuu ni Rawlins. Mwaka 2021 walitumia ngazi kuvuka pembeni bila kukanyaga ardhi ya jirani. Mwenye ranchi aliwashtaki akidai fidia ya mamilioni ya dola, kwa hoja kwamba hata hewa iliyo juu ya ardhi yake ni mali yake. Machi 2025 mahakama ya rufaa ya serikali kuu iliwapa ushindi wawindaji, ikitegemea sheria ya mwaka 1885 inayokataza kuizungushia umma uzio katika ardhi yake, na Oktoba mwaka huo Mahakama ya Juu ilikataa kuisikiliza kesi hiyo.

Kwa upande mwingine, milango mingine inafungwa. Aprili 2025 serikali ilikabidhi kwa jeshi ukanda wa ardhi ya umma ulio mpakani mwa New Mexico na Mexico. Mwanzo wa njia uliangukia ndani ya ukanda huo, na wasafiri wakatakiwa kuwa na kibali cha jeshi. Kwa msomaji anayeishi Marekani bila uraia, ni busara kuuliza kabla ya kununua hata kamba za viatu.

Milimani

Colorado ina hatari zake. Theluji ya milima ya San Juan hudumu hadi Juni, na kuanzia Julai radi hupiga vileleni karibu kila alasiri, hivyo inafaa kuvuka kabla ya adhuhuri. Kilele cha juu kabisa njiani, Grays Peak, kina mita 4,350, chini kidogo ya Mlima Meru wa Tanzania. Kaskazini, Wyoming na Montana, kuna dubu wakubwa aina ya grizzly, na chakula hutundikwa mtini mbali na hema. Montana ndiko uliko mji wa Missoula, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka njiani, ambao tangu mwaka 2016 umepokea familia za wakimbizi kutoka Kongo. Kiswahili si kigeni tena huko.

Asiye na miezi mitano ya kutembea anaweza kuiona njia hii kwa siku moja. Kutoka Denver, mji wenye wasemaji wengi wa Kiswahili, ni safari ya gari ya saa moja na ushei hadi Berthoud Pass, ambako njia inakatiza barabara kuu. Maji ya kaskazini ya hapo huteremkia mto Fraser na kuingia mto Colorado, unaoelekea Pasifiki. Lakini tangu mwaka 1936 sehemu ya maji ya Fraser hupitishwa ndani ya handaki chini ya milima na kuletwa mashariki, kwenye mabomba ya Denver. Mto Colorado wenyewe, uliogawanywa kwa miji na mashamba njia nzima, kwa kawaida haufiki tena baharini.